Daftari Lisilo na Mbele wala Nyuma

Haya, nicheke mwenyewe kwanza ndipo nanyi mcheke, maana aibu hii naijua kuliko ninyi nyote: mbele ya mtaa mzima, wanaume kwa wanawake, na mgeni wa mradi wa maji ameketishwa kwenye kochi lililobebwa kichwani kutoka sebuleni kwa mwenyekiti, ilisomwa kwa sauti ya kanisani sababu inayonifanya mimi, Mama Kulwa, niimbe nikiwa chooni. Ilisomwa neno kwa neno. Nami nilikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, nimeinamia sufuria ya wali, moshi umejaa machoni. Niliona haya, sikatai, niliona haya mpaka masikio yakawasha, lakini kama mnangoja niseme kwamba nilikosea kuandika, basi mtangoja sana.

Ilikuwa miaka ya tisini, huko kwetu Kahama, mtaa wa pembeni ukipita Nyahanga, pale nyumba zinapoishia na mashamba ya pamba yanapoanzia. Vijana wengi walikuwa wamekimbilia machimboni upande wa Kharumwa kutafuta dhahabu, kwa hiyo mtaani tulibaki wanawake, wazee, watoto na ng'ombe wa Mzee Nkwabi, ambao kwa wingi wao walitushinda sisi sote. Maji tulikuwa na pampu moja ya mkono, imezeeka, ukiisukuma inakohoa. Sasa mradi mmoja wa maji (siutaji, walikuwa watu wa kupita tu) ukasema una pampu mpya moja, na mitaa miwili inaitaka, sisi na wenzetu wa ng'ambo ya korongo, na mtaa wenye kumbukumbu nzuri ndio utakaoipata. Tena lazima kwenye kamati ya kisima awemo mwanamke. Basi nikawemo. Mzee Nkwabi mwenyekiti, mimi katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu nyumba yangu inatazamana na kisima, hivyo ufunguo mmoja wa pampu ulikaa kwangu, wa pili kwa mwenyekiti, na mimi ndiye niliyegonga ile rimu ya gari asubuhi kuwaita watu.

Nikaambiwa nikanunue daftari la maana la kuandikia vikao. Na hapa ndipo uamuzi wangu mdogo ulipozaliwa, hebu nisikilizeni vizuri.

Mimi tangu nasoma darasa la saba huko kwetu Ushirombo nilikuwa naandika kila siku. Mwalimu mmoja alituambia tuandike nusu ukurasa kila jioni, chochote tulichokiona, wenzangu wakaacha siku ya pili, mimi sikuacha, nimeandika nikiwa mwali, nimeandika nikiwa bibi harusi, nimeandika na mimba ya mapacha nimeliegemeza daftari juu ya tumbo na hao watoto wanalipiga mateke. Na wiki ile ile niliyotumwa dukani, daftari langu la nyumbani lilikuwa limebakiza kurasa mbili. Kwa hiyo niliingia kwa Mzee Karimu nikiwa na haja mbili na hela ya haja moja na nusu.

Mzee Karimu alizaliwa pale pale nyuma ya duka lake, babu yake ndiye aliyetoka Bara Hindi, na Kisukuma alikijua kunipita mimi niliyekuja kuolewa. Nikamwamkia, akaniuliza hali ya mapacha, akanitandazia mali yote juu ya kaunta. Jamani, mimi mbele ya madaftari ni kama mwanamke mwingine mbele ya vitenge, sijiwezi. Kulikuwa na yale ya shule yenye majedwali ya kuzidisha nyuma (mepesi mno, mvua moja tu kwisha). Kulikuwa na dayari nyekundu yenye tarehe, nzuri, inang'aa, lakini kila siku imepewa mistari michache na Jumapili imebanwa pembeni, kana kwamba Jumapili hakuna linalotokea, wakati kwetu Jumapili ndiyo siku watu wanagombana. Tena ilikuwa ya mwaka uliopita. Kulikuwa na dayari ndogo yenye kufuli na kafunguo kama ka sanduku la wanasesere, na hiyo niliishika muda mrefu, nikaifungua, nikaifunga, nikainusa, nikakumbuka kwamba Doto wangu hufungua kabati kwa mpini wa kijiko, nikairudisha. (Laiti ningeichukua! Lakini tuendelee.)

Halafu kulikuwa na kauntabuku nene, jalada jeusi gumu mbele na nyuma, mgongo mwekundu, karatasi nzito zisizovujisha wino. Nikaliweka mkononi, likakaa.

"Hili linatosha vitabu viwili," akasema Mzee Karimu.

"Viwili vipi?"

"Fungua hapa, ofisi. Ligeuze, nyumbani. Mama watoto wangu anaandika mapishi nyuma ya daftari langu la mizigo, na hatujawahi kugombana."

Na kweli, nani asiyefanya hivyo? Mtoto wa shule hesabu mbele, nyimbo nyuma. Fundi cherehani vipimo mbele, barua za mchumba nyuma. Nikaongeza hela yangu juu ya ile ya kamati, nikatoka nalo kwapani nikijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliopita sokoni siku ile.

Nyumbani nikabandika karatasi mbele, KUMBUKUMBU ZA KISIMA, kwa herufi kubwa. Gundi sikuwa nayo, nikatumia uji wa muhogo. Mende wakaula ule uji, karatasi ikadondoka, nikasema nitabandika nyingine, sikubandika. Daftari likabaki jeusi huku na jeusi kule, halina mbele wala nyuma, lakini mimi nalijua, kuna shida gani?

Mbele nikawa naandika vikao. Kikao kilifunguliwa kwa sala, mwenyekiti alisisitiza usafi, kikao kilifungwa kwa sala. Nilipotaka kuandika pampu imefunguliwa saa ngapi na wangapi wamekosa maji, Mzee Nkwabi alinikatalia. "Kumbukumbu ni za kikao, mayo, siyo za ndoo." (Mayo ni mama kwa Kisukuma, na akikuita hivyo ujue maongezi yamekwisha.) Sawa. Yale ya ndoo nikayahamishia nyuma, kwenye ukurasa wangu wa kila siku, pamoja na mume, mama mkwe na kuku.

Ikafika siku ya mgeni. Jumamosi asubuhi, turubai limefungwa karibu na kisima, mikeka imetandikwa, kochi limefika. Nimevaa kitenge changu cha sikukuu, usiku nimekesha nikifanya mazoezi ya kusoma, daftari liko mapajani. Mzee Nkwabi akanijia.

"Mama Kulwa, wewe nenda kaangalie jikoni. Wali wa wale wengine una mawe."

"Na kumbukumbu nani atasoma?"

"Kusoma ni kusoma. Atasoma Katekista, ana sauti."

Nikasimama. Ningesema hapana, lakini watu walikuwa wanatazama, pampu yetu inategemea siku ile, sikutaka ionekane kamati inabishana mbele ya mgeni. Nikampa daftari. Nikaenda kuangalia wali. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba mtu aliyeliandika daftari alitumwa jikoni ili asomewe na mwenye sauti, kwa sababu watu wakisimulia kisa hiki wanaanzia kwenye choo.

Sasa Katekista Masanja, Mungu amuweke, ni mtu mwema, lakini akishashika maandishi hasimami mpaka akutane na mwisho. Macho yanasoma, mdomo unatangaza, akili inakuja nyuma kwa miguu. Mzee Nkwabi akampa daftari kichwa chini, naye akalifungua lilipofunguka, akakohoa, akaanza.

"Jumatatu. Pampu imefunguliwa saa moja asubuhi. Ndoo ya arobaini imetoka na matope. Wanawake kumi na wawili wamerudi na ndoo tupu, mmoja ni mjamzito, amekaa chini njiani."

Kutoka jikoni nilisikia sauti tu, sikushika maneno. Nimeambiwa baadaye kwamba mgeni aliinua kichwa, akatoa kalamu, na Mzee Nkwabi (ambaye bila miwani hasomi hata jina lake) akamnong'oneza kwa fahari, "Sisi kumbukumbu zetu ni za kina."

"Mama mkwe ameamka na mgongo," akaendelea Katekista, kwa sauti ile ile ya waraka wa Jumapili. "Mgongo huu nimeuchunguza. Unauma siku za kupalilia. Siku za harusi ni mzima."

Kicheko! Mama mkwe wangu ameketi mkeka wa mbele kabisa. Mimi nikadhani mgeni ametoa utani, nikatabasamu peke yangu kule moshini, nikageuza wali.

"Jumatano. Choo chetu bado kina gunia mahali pa mlango. Baba Kulwa ameahidi tena. Upepo ukivuma gunia linapaa. Kwa hiyo nikiingia naimba, ili watu wajue nimo."

Hapo nilisikia. Neno gunia lilinifikia jikoni likiwa zima, na nyuma yake sauti ya mwanamke mmoja akipiga kelele, "Kumbe! Na sisi tulidhani ni uchaji!" Maana ni kweli, mtaani walinisifu, Mama Kulwa yule hata asubuhi na mapema anamwimbia Mungu. Nikatoka mbio na mwiko mkononi, wali unadondoka njiani, watu wamelaliana mikekani kwa kucheka, na Baba Kulwa amesimama nyuma ya wanaume na kisu chake cha kuchunia mbuzi, anatazama angani kana kwamba ameona ndege.

Na Katekista anasoma tu.

"Ijumaa. Ng'ombe wa mwenyekiti wamenyweshwa kabla ya kengele, mara ya tatu wiki hii. Nimemuuliza. Amesema ng'ombe hawajui saa."

"Yaya, yaya!" akaruka Mzee Nkwabi, yaani hapana, hapana. "Katekista, hapo inatosha."

"Hapana, mzee," akasema mgeni, na kalamu haikusimama. "Aendelee. Hii ndiyo kumbukumbu."

Nilikuwa nimefika. Nikanyoosha mkono nilichukue, Katekista akaliinua juu ya kichwa changu kama anavyoinua kitabu cha Injili, yeye mrefu mimi mfupi, na akasoma huko huko juu.

"Jumamosi. Leo nimeiba foleni. Mama Limi alikuwa ananyonyesha kivulini, nikarudisha ndoo yake nyuma ya yangu. Maji yameishia kwangu. Yeye amerudi na ndoo tupu. Sijamwambia."

Kicheko kikakatika. Mama Limi ni jirani yangu na ndiye rafiki yangu, alikuwa ameketi na mtoto mapajani, akainamisha uso akamrekebishia mtoto kofia. Choo si kitu, jamani. Mgongo wa mama mkwe si kitu. Lile la Mama Limi ndilo lililonichoma, na mpaka leo nikilisema naiona ile kofia ya mtoto ikirekebishwa, kofia ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Lakini Katekista hakuwa amefika mwisho.

"Jumanne. Amekuja mgeni wa mradi kwa mara ya kwanza. Amekula kuku, amekunywa soda mbili, ameusifu mtaa. Pampu hakuitazama."

Akafunga daftari. "Neno la..." akaanza kwa mazoea, akajizuia.

Nilisikia mbuzi wa ng'ambo ya korongo, kule kwa wale wenzetu, na nikajua watu wote pale wanawaza jambo moja, kwamba pampu imekwisha kuvuka.

"Omba radhi," akasema Mzee Nkwabi. "Omba radhi sasa hivi, mama, kabla hatujapotelewa na maji kwa ajili ya upuuzi wako."

Na si yeye tu. Wanawake wenzangu, wale niliowaandika na ndoo zao tupu, wakaanza, "Omba tu Mama Kulwa, neno moja tu, yaishe." Hao ndio waliokaribia kunishinda. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikamwona yule mjamzito aliyekaa chini njiani, ameegemea nguzo ya turubai, nikasema moyoni, hapana, kama kusema kweli kutatunyima pampu, basi kutunyime, maana pampu siinunui kwa kuiombea kweli radhi.

Nikamgeukia mgeni, mwiko bado ninao.

"Baba, nakuheshimu. Nionyeshe siku ile ulisimama wapi ulipoitazama pampu. Ukinionyesha, napiga magoti hapa hapa."

Alikuwa mtu mzima, amevaa kaunda suti ya kijivu, viatu vimepakwa rangi. Halafu akaweka kalamu mfukoni, akatoka kwenye kochi, akaenda kwenye pampu akiwa peke yake, akaushika mpini akaanza kusukuma. Pampu ikakohoa. Akasukuma, akasukuma, jasho likaingia kwenye kola, na kilichotoka ni kikombe kimoja cha tope, kikamrukia kwenye suruali. Akasukuma tena. Hakuna aliyecheka.

Aliporudi alikuwa anahema. "Daftari hilo nalichukua," akasema.

"Ni lako, ni la kamati," akasema Mzee Nkwabi upesi, hata hasira ameisahau.

"Nusu," nikasema mimi. "Kamati ilinunua nusu."

Nikalipokonya kwa Katekista. Na hapo Baba Kulwa, ambaye tangu gunia lilipotajwa hakuwa amesema neno, akapita katikati ya watu akanikabidhi kile kisu chake bila kunitazama. Nikaweka daftari juu ya kochi la mwenyekiti, nikatafuta katikati, nikakata uzi na mgongo mwekundu mpaka likaachana vipande viwili. Kipande cha sala za kufungua na kufunga nikampa Mzee Nkwabi.

"Ya pampu nitakunakilia yote," nikamwambia mgeni. "Ya choo ni yangu."

Nikakaa chini nikamnakilia, kurasa sita, huku yeye anakula wali ulioungua chini (hakulalamika, nadhani aliogopa ungeandikwa).

Pampu ilikuja kwetu. Mimi ukatibu nikavuliwa kikao kilichofuata, kwa sababu, walisema, katibu gani asiyejua kutunza siri. Akawekwa mpwa wa Mzee Nkwabi, naye anaandika vizuri sana kwamba kikao kilifunguliwa kwa sala. Mama mkwe Jumatatu yake alipalilia mistari mitatu bila kuinuka, kwa hasira, ili tu anionyeshe. Baba Kulwa aliweka mlango wa bati chooni siku ile ile, akakaa siku tatu hasemi nami, na ya nne akauliza kama chumvi ipo. Kwa hao wote sijaomba radhi. Nilichoandika nilikiona.

Nilimwomba mtu mmoja tu. Jioni ile nilikwenda kwa Mama Limi, nikasimama mlangoni, nikasema yote tangu mwanzo. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Ndoo yangu ina alama. Nilikuwa nangoja uniambie wewe, siyo Katekista."

Hilo ndilo lililonifunza, na ndilo pekee. Nilikuwa nadhani nikishaandika kosa langu nimelitua, kumbe nilikuwa nimelificha mahali pazuri penye jalada gumu, na mwenye ndoo yake bado anangoja. Tangu hapo naapa, la mtu namwambia mtu kwanza, ndipo naandika. Na nilirudi kwa Mzee Karimu, ambaye alicheka mpaka akashika kaunta, nikanunua madaftari mawili ya rangi mbili, na mbele na nyuma sitavichanganya tena maisha yangu yote.

Lakini kuandika siachi. Na siku daftari langu likihitajika tena mbele za watu, nitasimama nilisome mwenyewe kwa sauti yangu hii hii, na mgeni akikosa chakula, akose.